Saa Mkononi, Moyo Kifuani

Alfajiri ya Iten haina simile. Baridi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari hupenya hadi mifupani, na barabara ya udongo mwekundu huanza kurindima nyayo kabla jua halijachungulia kutoka ng'ambo ya bonde la Kerio.

Miongoni mwa waliokuwa wakiirindimisha ni msichana mmoja mzawa wa Ukambani, mkimbiaji wa mita 10,000, aliyevaa mkononi saa ya kisasa. Hakuinunua. Alipewa na wakala wake aishiye Ulaya, na kila jioni, kupitia rununu, saa hiyo ilimpelekea wakala kila kitu: kilomita, mwendo, usingizi na, zaidi ya yote, mapigo ya moyo.

Kwa majuma mawili saa ilishikilia kwamba hata katika mbio nyepesi moyo wa binti ulipiga mara 176 kwa dakika. Wakala akaingiwa na hofu. Ujumbe ukaja kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mkufunzi, mzee aliyezoea saa ya kubonyeza tu, akapata taabu kuufasiri. Istilahi za taaluma hii katika Kiswahili ni haba, na hizo chache hazijaafikiwa. Alichoweza kusema ni, "Binti, wanasema umezidi." Naye akadhani amewakosea watu adabu! Usiku kucha akawa anajisaili ni neno gani baya alilolitamka.

Jina lake likaondolewa katika mashindano ya barabarani aliyoyategemea kulipia karo ya wadogo zake wawili.

Mzee hakuridhika. Asubuhi iliyofuata alimsimamisha ghafla katikati ya mbio, akamwekea vidole viwili shingoni, akahesabu kwa sekunde 10: mapigo 24, yaani 144 kwa dakika. Akamwamuru aendelee, akahesabu hatua zake. Zikawa 176.

Kumbe saa ya mkononi haisikii moyo. Humulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kukisia mapigo kutokana na damu inavyopwita chini yake. Mkono unapotikisika kwa kila hatua, mtambo huweza kughilibika ukahesabu miguu badala ya moyo. Wataalamu wanaijua dosari hii, na mkanda wa kifuani aghalabu huiepuka. Ila wakala hakuletewa dosari. Aliletewa grafu safi. Wala si saa peke yake. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walibainisha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni katika damu, kilikosa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe.

Huku si kuikana teknolojia. Mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikamilisha masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 akifuata miale ya kijani iliyochorwa barabarani kutoka garini, na wakimbiaji 41 wakimwongoza kwa zamu. Haikuhesabiwa kuwa rekodi. Mwaka 2020 kule Monaco, Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12:35.36 huku taa za kando ya uwanja zikimwonyesha mwendo, na hiyo ikahesabiwa. Mpaka kati ya msaada na hila, basi, huchorwa na wenye kuandika kanuni. Na papo hapo Iten, Brother Colm O'Connell, anayesifika kwa kutegemea jicho kuliko mitambo, alimlea David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka 2012.

Mzee aliandika barua. Wakala akajibu kwa upole kwamba angetuma mkanda wa kifuani, lakini nafasi katika mashindano ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Mkataba unamlazimu binti kuvaa saa ile, naye anaivaa. Takwimu za moyo wake zimo katika tarakilishi asiyoijua, katika mji asiowahi kuufikia. Wadogo zake walirejea shuleni majuma matatu baada ya wenzao.