Saa ya Mzee na rangi ya moto

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na yale mambo ya hifadhidata, na yatakuja. Leo niruhusuni niandike juu ya kitu kisicho na kibodi: jinsi nilivyopasha chuma moto jikoni kwangu, nikakiharibu mara mbili, na jinsi Mzee alivyoniokoa na aibu kubwa zaidi.

Kwanza, sababu. Baba amechomelea vyuma Kamukunji tangu kabla sijazaliwa. Masinki, meza za jikoni za hoteli, matangi ya maziwa. Kazi nyingi ikiwa ya stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu upesi. Mwaka huu macho yamemchosha, akaamua kufunga karakana. Nilitaka kumpa zawadi ambayo mtu hawezi tu kuingia dukani na kuinunua. Kwa kuwa nimekuwa nikichezea saa za mkono kwa muda, nikaamua kumuundia moja.

Mashine ya ndani ni Seiko NH35. Wanaojiundia saa wanaipenda kwa kuwa haina makuu: inajijaza yenyewe mkono unapocheza, ina vito 24, inapiga mara 21,600 kwa saa, na ukiivua inaendelea kwa takriban saa 41. Kasha ni stenlesi ya aina ya 316L. Mishale mikubwa, nambari kubwa, asihangaike kutafuta miwani. Ikabaki pete ya nje inayozunguka kioo. Hiyo nilitaka iwe ya buluu, na si buluu ya kupaka. Buluu ya moto.

Inafanyaje kazi? Stenlesi ina kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hushikana na oksijeni ya hewani na kufanya utando mwembamba mno, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikipasha chuma moto, utando unanenepa. Mwanga ukigonga hapo, sehemu yake inarudi kutoka juu ya utando na sehemu nyingine kutoka chini yake. Zikikutana, baadhi ya rangi zinafutana na nyingine zinabaki. Ni jambo lile lile unaloliona mafuta ya gari yakielea kwenye dimbwi la maji. Hakuna rangi iliyoongezwa. Ni unene tu.

Kwa stenlesi ya kawaida ya 304, rangi ya nyasi kavu huanza karibu na nyuzi 290 za Selsiasi, kahawia huja karibu na 390, zambarau kati ya 420 na 450, na buluu karibu na 540. Chuma cha kaboni hufika buluu mapema sana, karibu na 300, kwa hiyo ukitumia jedwali lake kwa stenlesi utapotea. Muda nao una kazi yake: joto dogo likikaa muda mrefu linaweza kukufikisha palepale.

Jaribio la kwanza nilishika tochi ya gesi na kuelekeza moto moja kwa moja kwenye pete. Upande mmoja ukawa zambarau, wa pili ukabaki mweupe, na katikati pakatokea alama ya kidole changu, wazi kama kwenye kitambulisho. Nilikuwa nimeishika kwa mkono baada ya kuisafisha. Nikaisugua upya kwa msasa, namba 400 hadi 2000. Jioni nzima ikaisha hivyo.

Jaribio la pili nikasema sasa nitafanya kisomi. Nikaazima kipimajoto kile cha kuelekeza kama bastola. Kikasoma 140. Pete ilikuwa tayari ya kahawia. Nikajiambia macho yananidanganya, data haidanganyi, nikaongeza moto. Ikapita buluu, ikawa kijivu cha jivu. Baadaye ndipo nilipoelewa: chuma kinachong'aa hutoa miale michache ya joto, na kile kifaa kimepangwa kudhani kila kitu kinatoa miale mingi. Nimesomea kompyuta miaka minne, nimewafokea wenzangu kwa kuamini data chafu, na bado nikaiamini.

Jumapili hiyo Baba akanitembelea bila taarifa. Pete ilikuwa mezani. Akaichukua, akaisogeza karibu na jicho.

"Nani amekuunguzia hii?"

"Ni mimi, Baba. Nilikuwa natafuta buluu."

"Buluu ya nini?"

Nikamwambia inapendeza. Hakucheka. Akanieleza kwamba kwake buluu kando ya mshono maana yake gesi ya agoni haikufunika vizuri, au fundi amezidisha moto. Kromiamu iliyotakiwa kubaki ndani ya chuma imeingia kwenye ule utando, na chini yake chuma kimekuwa maskini. Kutu itaanzia hapo. Mshono mzuri unabaki wa fedha, au unashika rangi hafifu ya nyasi. Unaozidi hapo anausugua kwa brashi na dawa ya asidi mpaka uishe.

"Kazi ya buluu inarudi," akasema. "Nimelipa vyuma vya watu kwa sababu ya hiyo buluu yako."

Nilinyamaza. Kumbe nilikuwa karibu kumfunga mkononi alama ya kazi mbovu, ile aliyoisugua maisha yake yote, na kumwambia hongera Mzee. Ikabidi nimweleze saa ilikuwa ya nani. Akanyamaza yeye sasa. Kisha akasema, "Basi fanya ya nyasi. Lete mchanga."

Tukaisugua pete tena. Akaweka bamba nene la chuma juu ya mafiga mawili ya matofali uani, juu yake mchanga mkavu ili joto lisambae, kisha moto chini. Kando ya pete akaweka kipande cha stenlesi kama hiyo hiyo, kiwe shahidi. Rangi ya nyasi ndiyo ya kwanza kufika na ni rahisi kuipita. Macho yake hayaoni tena tofauti hiyo, kwa hivyo mimi nilitaja rangi na yeye akaamua.

"Bado nyeupe. Bado. Naona kama imechafuka kidogo."

"Toa."

"Lakini Baba haijawa..."

"Toa! Ukiiona imefika, umechelewa."

Nikaitoa kwa kibano. Ilipokuwa ikipoa ikakolea kidogo yenyewe, ikatulia kwenye dhahabu hafifu. Pande zote sawa.

Kwa atakayejaribu, haya ndiyo niliyojifunza:

1. Toa mashine, kioo na mipira yote. Pasha chuma kitupu tu.
2. Safisha kwa asetoni safi, na baada ya hapo usiguse kwa mkono.
3. Fanyia kazi nje au penye hewa ya kutosha. Usipashe chuma kilichopakwa zinki. Moshi wake unadhuru.
4. Pima kwa kipande cha chuma kile kile, si kwa kijiko cha chai.
5. Usitie rangi mgongo wa saa. Jasho linakaa hapo, na utando wa rangi haulindi kama ule wa asili.

Nilimkabidhi saa wiki iliyofuata. Akaigeuza juani, akatazama mgongo, akaona nimeuacha mweupe, akatikisa kichwa kukubali. Jana amenipigia simu. Anailinganisha na redio kila asubuhi, na inakimbia sekunde 12 kwa siku.

Kazi imerudi. Jumapili nitaenda kuirekebisha.