Wamarekani Wasemao Kitamil

Msafiri afikaye Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu katika India ya kusini, huongozwa kwanza kwenye kanisa kuu la San Thome, lililojengwa juu ya kaburi la Mtume Toma, kama mapokeo ya Wakristo wa huko yasemavyo. Nasi tulikwenda, tukasali. Lakini mji huo, ulioitwa Madras hata mwaka 1996, una sifa ya pili, nayo ni sinema. Mwaka 1944 bwana A. V. Meiyappan aliichukua filimu Harishchandra, iliyosemwa kwa Kikannada, akawatia wachezaji wake maneno ya Kitamil vinywani. Kabla yake hakuna aliyefanya hivyo katika India. Leo hata Wamarekani wa Hollywood husema Kitamil.

Jioni wenyeji wetu walitukalisha mbele ya televisheni, nyanya, wana na wajukuu pamoja, tutazame The Lion King ya mwaka 2019. Nyanya hakujua Kiingereza hata neno moja, naye ndiye aliyetangulia kucheka. Ngiri Pumbaa na nguchiro Timon walisema kwa sauti za Robo Shankar na Singampuli, wachekeshaji wa Kitamil ambao watoto wale walizitambua sauti zao mara moja. Robo Shankar alifariki mwaka 2025. Jina la mwenzake lina maneno mawili, simba na chui milia. Na ndiye aliyepewa kusema kwa kinywa cha mnyama asiyemzidi paka! Ulipofika wimbo wa Hakuna Matata tuliwaeleza watoto kwamba hiyo ni lugha yetu, na ya kwamba Simba ni simba, na Rafiki ni rafiki. Walitutazama kana kwamba tumetoka ndani ya televisheni. (Sisi wa Kongo twayajua matata mno, si rahisi kutuimbia kwamba hayapo.)

Kazi hiyo si ya kugeuza maneno tu. Midomo hufungwa kwa p, b na m. Neno jipya lisipofunga midomo mahali palepale, mtazamaji huona udanganyifu. Tena Kitamil huweka kitenzi mwisho wa sentensi, kwa hiyo mfasiri hana budi kuipindua sentensi nzima ili kichekesho kidondoke wakati uso wa mchezaji unapobadilika, wala si baada yake. Kuna shida nyingine iliyotupendeza zaidi. Kiingereza kina neno moja tu, you, kwa mfalme na kwa mbwa. Mtamil kwa kawaida husema nee kwa rafiki na mtoto, na neenga kwa mkubwa na mgeni. Vijana waliozoeana huongeza da. Basi kila Mmarekani afunguapo kinywa, mfasiri huamua yeye ni nani kwa mwenzake. Mtoto akimwambia mzee nee, nyumba nzima hucheka, au hukasirika. Kwa Kiingereza hapakuwa na la kuchekesha hapo. Ndiyo maana twasema kwamba kicheko cha nyanya hakikutoka Marekani. Kilitungwa palepale Chennai, na mtu aliyejua jinsi watu wa nyumba ile wanavyoitana.

Wakongo wazee wamewahi kuona jambo la namna hiyo. Katika miaka ya 1950, kule Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza picha za Matamata na Pilipili kwa mfano wa Laurel na Hardy, akiwaweka Wakongo mahali pa wale wawili.

Lakini mlango ule unaoingiza utani wa nyumbani huingiza pia ubaya wa nyumbani. Vichekesho vya Kitamil vimelaumiwa kwa muda mrefu, na Watamil wenyewe, kwa sababu humcheka mtu kwa weusi wa ngozi yake au unene wa mwili wake. Sisi twaona lawama hiyo ni ya haki kabisa. Katika filimu iliyofuata jioni ile ulitokea utani wa namna hiyo. Mama wa nyumba alitutazama sisi wageni weusi, akazima sauti. Picha iliendelea kimya, watoto wakinung'unika, mpaka nyanya alipomwomba airudishe.