Nta au Dawa ya Polimere? Motokari Nyeusi katika Mji wa Vumbi

Mwenye motokari nyeupe hapa Kolwezi anaweza kulala usingizi. Vumbi likiikalia, watu wanasema: "Iko na vumbi." Lakini nyeusi ikipata vumbi kidogo tu, watu wanasema: "Imezeeka." Rangi nyeusi haifichi kitu. Alama ya kitambaa, tone la maji lililokauka, mavi ya ndege, mkwaruzo mwembamba kama unywele, vyote vinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Nimekaa miaka sita na motokari ya namna hiyo, na ninapenda kuwaambia yale niliyoyaona juu ya dawa za kupakaa ili kulinda rangi yake, maana kwetu chakula kinatoka mule.

Motokari hiyo aliiacha marehemu bwana yangu. Nyuma ya kilio, jamaa walikaa kuzungumza. Wengine walitaka iuzwe na feza zigawanywe. Mwishowe wazee walikata shauri ibaki kwa watoto, mimi niitunze, na ndugu yake mdogo awe anakuja kuitazama kila mwisho wa mwezi. Siku ya jumamosi inabeba bibi arusi. Siku zingine inatangulia watu wa kilio mpaka makaburini. Feza zake zinalipa masomo ya watoto watatu. Basi mnaelewa: kapo ikipoteza mwangaza, ninapoteza arusi, kwa sababu hakuna anayependa kupigwa picha karibu na motokari iliyofifia. Na tena watasema mu jamaa: "Mwanamke amemaliza kitu cha kaka yetu."

Kitu gani tunachokilinda?

Watu wengi wanafikiri rangi ya motokari ni nene kama ya ukuta. Sivyo. Juu ya bati kuna rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, kisha verni isiyo na rangi. Motokari nyingi zilizotengenezwa toka miaka ya 1980 ziko namna hiyo. Yote pamoja, kwa kawaida, ni micron 100 mpaka 150, ni kusema sawa na unene wa karatasi moja ya kuandikia, au kupita kidogo. Verni peke yake haifiki nusu ya karatasi hiyo. Na mwangaza wote tunaousifu unatoka kwenye verni.

Si kila motokari nyeusi iko na verni. Ya kwenu mnaweza kuipima: chukueni kitambaa cheupe, tieni polishi kidogo, mfikiche polepole mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi, hakuna verni, mnaondoa rangi yenyewe. Chetu kilitoka kisafi.

Verni hiyo, hapa kwetu, ina adui wengi. Wa kwanza ni vumbi. Vumbi la barabara za kamyo lina chembechembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kupita verni. Mtu akipangusa motokari kavu kwa kitambaa, ni kama anaipiga msasa. Wa pili ni jua. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na jua la juu linachoma kwa nguvu. Nyeusi inameza joto: bati jeusi katika jua la mwezi wa kumi linaweza kufika digrii 70, mkono hauvumilii. Wa tatu ni asidi na chokaa. Viwanda vinatumia asidi ya sulfuriki kuyeyusha shaba kutoka katika mawe, na chokaa kwa kupunguza ukali wa asidi. Vyote vinapita barabarani juu ya kamyo. Moshi wa kuyeyusha shaba kwa moto una gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na maji inageuka asidi. Wa ine ni mavi ya ndege: yakikaa juu ya kapo yenye joto, yanaacha alama ambayo sabuni haiwezi kuondoa.

Dawa yoyote tunayoipakaa kazi yake ni moja: kuliwa kwanza mahali pa verni. Ni ngozi nyembamba juu ya ngozi nyembamba. Haizuii mkwaruzo wa jiwe. Haitengenezi verni iliyokwisha kuungua. Anayewaambia kwamba kopo fulani linaponyesha rangi iliyokufa anataka feza zenu.

Makopo mawili

La kwanza ni nta. Ile inayosifiwa sana ni nta ya karnauba. Inatoka kwenye majani ya mtende mmoja unaoota kaskazini mashariki ya Brazil. Ni ngumu kupita nta ya nyuki. Inayeyuka karibu na digrii 82 mpaka 86. Lakini ile ya kopo si karnauba tupu. Wanaichanganya na mafuta na dawa za kuilainisha, maana karnauba tupu ni ngumu kama jiwe. Kwa hiyo haivumilii joto la kapo jeusi namna tungefikiri. Kwa kawaida inadumu wiki sita mpaka nane. Uzuri wake ni mwonekano: nyeusi inakuwa ya ndani, kama maji ya kisima wakati wa usiku.

La pili ni dawa ya polimere, iliyotengenezwa na watu wa kemia. Haitoki kwenye mti wala kwa nyuki. Ikipakawa inashikana na verni na kukauka kama utando. Inavumilia joto na sabuni kupita nta. Kwa kawaida inadumu miezi ine mpaka sita. Mwangaza wake ni mkali, kama kioo, na watu wengine wanaona kwamba hauna ule utamu wa nta. Kuna vile vile dawa za namna ya kioo zinazodumu miaka, lakini zinataka fundi, nyumba isiyo na vumbi, na feza nyingi. Hizo niliziacha.

Shemeji yangu alikuwa upande wa nta. Alikuja na kopo mkononi, akasema: "Shemeji, hii njo mukubwa wangu alikuwa anapakaa. Juu ya nini unatafuta bintu bingine?"

Kijana wa butiki alikuwa ameniambia kinyume: nta ni ya watu wa zamani, nitwae polimere, ijapokuwa kopo moja lilikuwa na bei ya makopo mawili ya nta. Mimi sikuwa na feza za kufuata maneno ya watu. Na sikutaka shemeji aone kwamba ninatupa desturi ya kaka yake. Nikamujibu: "Shemeji, tusigombane. Kapo iko kubwa, iko na fasi ya makopo mbili."

Jaribio la kapo

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa nane, wakati vumbi linatawala na mvua iko mbali. Tuliosha motokari vizuri, tukagawanya kapo kwa karatasi ya kubandika. Upande wa shoferi tulipakaa nta ya shemeji. Upande mwingine polimere. Shemeji mwenyewe alipakaa ya kwake, ili asiseme nimeipakaa vibaya. Mtoto wangu wa kwanza alitwaa kaye ya masomo, akaandika tarehe. Kila jumamosi, kisha kuosha, alimwaga kikombe cha maji kila upande na kuandika alichoona.

Kipimo hicho ni rahisi, na kila mtu anaweza kukifanya. Dawa ikiwa hai, maji yanajikusanya kama ushanga na kukimbia. Ikiwa imekufa, maji yanalala bapa kama shuka. Lakini osheni kwanza, kwa sababu vumbi nalo linalaza maji na kuwadanganya.

Mwezi wa kwanza pande zote mbili zilikuwa sawa, na ninasema wazi: upande wa nta ulikuwa mzuri zaidi kwa macho. Shemeji alifurahi. Wiki ya tano mtoto aliita: "Mama, angaria! Huku maji iko nakimbia sawa bushanga, huku imelala." Upande wa nta ulikuwa umekwisha, kwanza pale juu ya motere penye joto. Polimere iliendelea kupita mwezi wa kumi na jua lake, ikaona mvua za kwanza, ikaanza kuchoka wiki ya kumi na ine, katikati ya mwezi wa kumi na moja.

Shemeji alisoma kaye yote, ukurasa kwa ukurasa. Hakusema neno juu ya kaka yake. Aliuliza tu: "Sasa hii nta yangu tutaitupa?"

Hapana, hatukuitupa. Tangu siku hiyo tunafanya hivi: polimere mara tatu kwa mwaka, ndiyo kinga, nta juu yake siku moja mbele ya arusi kubwa, ndiyo urembo. Utaratibu huo haugeuzwi. Polimere inataka kugusa verni yenyewe. Ukiipakaa juu ya nta haishiki. Lakini nta inakaa vizuri juu ya polimere. Kwa hesabu vile vile tunapata faida: nta peke yake ingetaka kupakawa karibu mara kumi kwa mwaka, na kila mara ni nusu siku ya kazi.

Kuosha kunapita kopo

Katika kaye ile nilijifunza jambo lingine ambalo si shemeji wala kijana wa butiki alilisema. Mikwaruzo ya mviringo tuliyoiona juani, ile inayofanana na utando wa buibui, ilikuwa pande zote mbili sawasawa. Nta haikuizuia, polimere haikuizuia. Inatoka kwenye mkono unaoosha. Basi, hizi ndizo sheria za nyumba yetu:

Kwanza, hatupangusi motokari kavu hata siku moja, hata kama bibi arusi anangoja mlangoni. Tunamwaga maji mengi, vumbi lianguke lenyewe.

Pili, ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusukutua kitambaa. Tunaanza juu, tunamaliza chini, maana mchanga mwingi uko chini. Mkono unakwenda moja kwa moja, hauzunguki.

Tatu, sabuni ya motokari, si sabuni ya unga ya kufulia nguo. Ile ya nguo imetengenezwa kwa kuondoa mafuta. Inaondoa nta vile vile.

Ine, hakuna mazuti. Vijana wengi wanaoosha motokari wanapangusa kwa mazuti ili ing'are. Inang'ara leo, kesho vumbi lote la barabara limenata pale.

Tano, tunakausha mara moja kwa kitambaa laini cha mikrofibra. Maji ya kisima yanabeba chokaa, ile mnayoiona ndani ya birika ya chai. Tone likikauka juani juu ya nyeusi, linaacha duara nyeupe.

Sita, mavi ya ndege hayangoji jumamosi. Maji, kitambaa chenye kulowa, dakika mbili, kisha kuinua bila kufikicha.

Mbele ya kupakaa polimere, tunavaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupitisha vidole juu ya kapo iliyooshwa. Tukisikia ukavu kama wa ngozi ya samaki, kuna chembe zilizojichoma ndani ya verni. Hapo tunatumia ule udongo laini wa kusafishia rangi, pamoja na maji ya sabuni. Kisha tunapakaa asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi, kidogo kidogo, safu nyembamba. Wengi wanapakaa nene wakifikiri italinda zaidi. Inayozidi inaishia tu kwenye kitambaa. Polimere nyingi zinataka kulala usiku mzima bila maji, kwa hiyo wakati wa mvua tunaomba fasi mu garaji ya jirani. Wala msiguse plastiki nyeusi za kando: nta inaziachia alama nyeupe.

Najua msomaji mmoja atauliza: "Mama, kwa nini usiuze tu ukanunue nyeupe?" Swali ni la haki. Kama motokari yenu ni ya kwenda kazini na kurudi, nunueni nyeupe au ya rangi ya vumbi, mpumzike. Lakini kama nyeusi ndiyo inayowaletea mkate, au mmeachiwa na mtu, basi hesabuni namna hii: feza ya kwanza iende kwenye ndoo ya pili na vitambaa vizuri, ya pili kwenye polimere, na itakayobaki kwenye nta. Na wale wanaotunza kitu cha jamaa, wawe na kaye. Andikeni tarehe, bei na kile mlichofanya. Ya kwetu imefika ukurasa wa arobaini, na mwezi uliopita shemeji ndiye aliyeandika mstari wa mwisho: "Polimere imepakawa. Maji iko nakimbia."