Ahadi ya Kampuni Nayo ni Deni



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, somo hili nimepewa na mtoto wa madrasa. Tulikuwa tunasoma alama za mnafiki, na mojawapo ni kuvunja ahadi. Binti mmoja, ambaye kila alfajiri hubeba bidoni la maji kichwani, akauliza: "Mwalimu, na ile kampuni iliyotuahidi kisima?"

Nilinyamaza. Mkutano ule nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyeufungua kwa dua. Ahadi zilisomwa mbio mbio kwa Kifaransa, tukapiga makofi, tukala, tukarudi nyumbani. Sikuomba nakala.

Sisi wa Lualaba tunaishi juu ya shaba na kobalti. Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa Machi 2018, inailazimu kampuni inayochimba kutia sahihi daftari la ahadi pamoja na jamii inayoizunguka: maji, shule, zahanati, barabara. Mbali na hayo, itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, yaani dola 3 katika kila dola 1,000. Tena katika mrabaha wa madini, asilimia 15 ni ya komine, sekta au usultani wa mahali panapochimbwa. Basi kisima si sadaka. Ni haki iliyoandikwa.

Sahaba Abyad bin Hammal (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) mgodi wa chumvi wa Ma'rib, kule Yemen, akapewa. Mtume alipoelezwa kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, aliirudisha. Tunajifunza kuwa anayepewa mali ya ardhi hapewi kwa kuwasahau watu wengine. Na Suratul Maida inaanza kwa kutuamrisha waumini tutimize mikataba. Lakini utadai vipi mkataba usioujua?

Baada ya swali lile nilikwenda na wazee wawili na mama mmoja wa mtaa kuomba daftari. Tulizungushwa mara tatu, ya nne tukapewa. Kisima kimo, na kilitakiwa kiwe tayari mwaka wa pili. Sasa ni wa nne.

Mpaka leo hakijachimbwa, sitawadanganya. Lakini sasa tukienda hatuombi tena kwa unyonge, tunaonyesha ukurasa. Na kwa viongozi wetu pia tunauliza ile asilimia 15 imefanya nini, maana amana haimhusu mgeni peke yake.

Vijana mnaosoma Kifaransa, ombeni daftari la mahali penu, mwasomee wazazi baada ya swala ya Isha. Nasi walimu, tusiitikie tena dua kwenye karatasi tusiyoisoma. Yule binti bado anabeba bidoni, na mimi bado nina deni la kumjibu.

Wabillahi tawfiq.