Edinburgh Majani Yanapopukutika

Kwetu tukitaja vuli, fikra huenda kwenye mvua za mwisho wa mwaka. Scotland miezi hiyohiyo ni majira ya kupukutika majani: miti hugeuka manjano, upepo hukata masikio, na giza huja mbio. Mwezi wa Oktoba nilijaaliwa kuwa mgeni wa ndugu niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anaishi Edinburgh na mkewe na watoto watatu, si mbali na Msikiti Mkuu wa mji huo uliofunguliwa mwaka 1998.

Linalomshangaza mgeni zaidi ya baridi ni Maghrib. Katikati ya Septemba jua lilikuwa likizama baada ya saa moja usiku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za nchi nzima zilirudishwa nyuma kwa saa moja, na siku hiyo Maghrib ikaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Desemba huingia hata kabla ya saa kumi! Basi mtoto anayetoka shule baada ya saa tisa hukuta Alasiri na Maghrib zinafuatana kama ndugu wa ziwa moja, kisha madrasa inamngoja. Hafiki mezani kwa chakula cha jioni ila baada ya Isha.

Pengo hilo la njaa ndilo lililomfanya shemeji awe mwokaji. Peremende za madukani nyingi zina jelatini, na jelatini huweza kuwa ya nguruwe. Alichoka kusoma maandishi madogo ya kila pakiti huku watoto wakimvuta kanga. Akaanza kuoka biskuti za oti.

Oti ni nafaka inayofanana na shayiri. Huvumilia baridi na mvua mahali ambapo ngano husuasua, ndiyo maana iliwalisha Waskoti kwa karne nyingi. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi mashuhuri ya mwaka 1755, aliwachokoza kwa kuieleza kuwa ni nafaka ambayo Uingereza hulishwa farasi. Kwa nilivyoonja, farasi wale hawakudhulumiwa.

Aliyemfundisha ni jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kiskoti aliyezidi miaka themanini, ambaye watoto humwita Bibi wa Chini. Siri yake ni kwamba biskuti itafunike, isivunjike kama kigae. Gramu 115 za siagi iliyoyeyushwa huchanganywa na gramu 100 za sukari ya kahawia na yai moja. Sukari nyeupe haifai hapa, kwa sababu ile ya kahawia ina asali ya miwa inayoshika unyevu. Hufuata gramu 95 za unga wa ngano, kijiko cha chai cha baking poda, mdalasini na chumvi kidogo, kisha gramu 120 za oti bapa. Bibi hutia zabibu kavu na tufaha lililokaushwa. Shemeji ameongeza tende, zote zikiwa zimerowekwa katika chai ya moto na kukamuliwa, gramu 100 kwa jumla. Vanila ya chupa aghalabu hutolewa kwa pombe. Shemeji hakusubiri mafakihi wamalize mjadala, akatia iliki.

Mchanganyiko upumzike nusu saa, oti zinywe maji. Huokwa kwa nyuzi 180 kwa dakika kumi au kumi na mbili, na hutolewa kingo zikiwa za dhahabu na katikati bado laini. Hapo wengi huogopa, wakazirudisha motoni, zikakauka.

Kila wanapooka, sahani moja hushuka ngazi. Hairudi tupu: mara matufaha, mara jamu. Msimu wa baridi uliopita sahani iliachwa mlangoni adhuhuri, na watoto walipotoka shule waliikuta palepale. Shemeji aligonga, hakujibiwa. Akapiga simu kuomba msaada, mlango ukavunjwa. Bibi alikuwa sakafuni tangu asubuhi, nyonga imevunjika. Alipona, alhamdulillah, na leo anatembea kwa mkongojo. Wanawe wako mbali, ng'ambo ya bahari. Tangu siku ile watoto hawaachi tena sahani mlangoni. Hugonga wakangoja mpaka wamwone, hata kama adhana i karibu, na baba yao hawakemei kwa kuchelewa.

Nilipomwamkia, Bibi aliniambia kuwa iliki imezidi. Kisha akachukua ya tatu.

Msomaji asiye na oveni atumie sufuria kama ya mkate wa mayai: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na aanze kuchungulia baada ya dakika nane. Oti bapa hupatikana katika maduka makubwa ya mijini. Tende zetu zinatosha, tufaha si lazima.