Goti la Mchezaji

Aghalabu sisi walimu huzidharau sinema za mapenzi, tukidhani kuwa ni za kupoteza wakati tu. Hata hivyo, naona kwamba Just Wright, iliyotolewa Marekani mwaka 2010, yafaa kujadiliwa darasani. Scott McKnight, mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, anamposa Morgan, msichana apendaye fahari. Mchezaji huyo anapoumia goti na kuhofiwa kwamba hatacheza tena, mchumba anamkimbia. Anayebaki ni Leslie, mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye anamchekesha, anamkaripia na kumfanyisha mazoezi mpaka anapona.

Sisi wakazi wa Kolandoto, tulio majirani wa hospitali, twaijua kazi ya namna hiyo: haipigiwi vigelegele. Kumshangilia mwenye afya ni rahisi. Kumuuguza aliyeumia ndiko kupenda.

Taifa nalo hupimwa kwa kipimo hicho. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti katika mbio za marathoni. Alichechemea hadi mwisho, akafika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho, nasi twamheshimu hadi leo.

Heshima hiyo isiishie kwa mtu mmoja. Wako vijijini wachezaji walioumia wakasahauliwa. Tuliowashangilia jana hatuna budi kuwajulia hali leo, kwani akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.