Msio wa Karafuu Katika Baridi ya Gatuanyaga

Msafiri atokaye Mombasa mwezi wa Julai huenda bara na nguo za Mombasa, na Gatuanyaga humtia adabu. Pahali hapo, katika kaunti ya Kiambu, hufikiwa kwa kutoka mjini Thika na kushika barabara ya Garissa kuelekea mashariki, mananasi yakiwa yametanda mashambani na Kilimambogo, chenye kimo cha mita 2,145, kikionekana mbele kimejifunika wingu. Nchi hiyo iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti kuna alfajiri ambazo maji ya kutawadhia huuma vidole.

Tulikwenda huko mimi na ahli yangu kumzuru binti wa ndugu yangu, aliyekuwa katika arobaini ya mtoto wake wa kwanza. Wanaume tulikaa nje pamoja na baba mkwe. Ya ndani nimeyapokea kwa mke wangu, ambaye ndiye mjuzi wa mambo haya, na nayaandika kwa idhini ya wenyewe.

Mamake binti alikuwa amempelekea karafuu za kumfanyia msio. Wasomaji wa pwani wanajua tofauti: singo ni ya maua, liwa na marashi, hulainisha ngozi na kuinukiza, msio ni wa karafuu, nao hupasha mwili. Wifi yake, kwa mapenzi mema, alikuwa amenunua chupa ya mafuta makali ya karafuu, akataka yatiwe humo pamoja na pilipili ya unga, kwani baridi ya huko, alisema, haiwezwi na karafuu peke yake.

Mke wangu alikataa, na hoja yake nimeiona ina nguvu. Joto la karafuu si la moto. Ndani yake mna eujenoli, ambayo huamsha mishipa ya fahamu inayotambua joto, kisha huitia ganzi. Ndiyo sababu waganga wa meno huitumia. Pilipili huamsha mishipa iyo hiyo kwa ukali zaidi. Kwa hiyo mtu huhisi moto hali mwili haukupata joto la ziada ila lile dogo liletwalo na damu kwa kule kusuguliwa. Ukizidisha dawa, hupati joto zaidi. Unapata ngozi iliyobabuka. Na mzazi ana mtoto kifuani: msio haupakwi kwenye matiti, wala kwenye jeraha au mshono, wala mtoto mchanga hasuguliwi nao kabisa.

Basi wakatengeneza ule wa kikwetu. Karafuu kavu zikatwangwa na kuchekechwa mara mbili, maana kijiti kimoja hukwaruza kama msumari. Kijiko kimoja cha unga huo kikachanganywa na vijiko vinne vya unga wa mchele na marashi ya mawaridi kiasi cha kushikana. Mafuta ya nazi yakawa ndiyo kichekesho cha siku: chini ya nyuzi 24 au hapo mafuta hayo huganda, na chupa iliyotoka pwani ikimiminika ilikuwa imekuwa jiwe jeupe. Wakaisimamisha katika maji moto. Jirani mmoja aliyekuja kumwona mzazi aliwaambia kuwa kwao parachichi hazikosekani, na kwamba mafuta yake hayana usumbufu huo. Mke wangu ameahidi kuyajaribu, ingawa sidhani atayasamehe kwa kukosa harufu ya nazi.

Kwanza walipaka kidogo ndani ya mkono, wakangoja hadi kesho yake. Ngozi ilipobaki salama, wakamsugua mgongo, miguu na mabega, dakika chache tu, kisha akaoga maji ya uvuguvugu.

Wanawake waliniuliza mambo mawili kupitia kwa mke wangu. Je, msio unazuia udhu? Ukibaki umegandamana juu ya ngozi hata maji yasipite, ni lazima uondolewe kabla ya udhu na kabla ya josho; harufu na rangi zikibaki hazidhuru. Na je, mjane atumie? Aliye katika eda ya kufiwa hujiepusha na manukato na mapambo kwa miezi 4 na siku 10, na msio wenye marashi umo katika hayo. Akiumwa na baridi, maji ya moto na blanketi zito vinamtosha, na jamaa zake wahakikishe anavyo.